Ukuta wa Mayatima Wawili

Kila Ijumaa, nyumba nyingi za mwambao wetu husikika zikisomwa Suratul Kahf. Wako mama zetu walioihifadhi tangu utotoni chuoni, na watoto wao hukua wakiisikia kabla hawajajua maana yake. Ndani ya sura hiyo mna kisa cha Nabii Musa (A.S.) na yule mja mwema ambaye wanazuoni wengi wamemtaja kwa jina la Khidhri. Wawili hao walifika katika mji wa watu, wakaomba chakula, wakanyimwa. Humo humo wakaukuta ukuta unaotaka kuanguka, na yule mja mwema akausimamisha. Musa akastaajabu kwamba hakudai ujira kwa watu waliowanyima hata tonge. Baadaye ndipo alipoelezwa: ukuta ulikuwa wa mayatima wawili, chini yake mlikuwa na hazina yao, na baba yao alikuwa mtu mwema.

Nimekisomesha kisa hiki darsani kwa miaka zaidi ya ishirini. Hata hivyo, sikupata kukitazama kama kisa cha wasafiri waliojenga katika nchi ya watu, mpaka usiku mmoja wa mwaka 2023, binti wa dada yangu alipokuja kwangu baada ya sala ya isha. Alikaa mkekani, akainamisha kichwa, akasema, "Mjomba, nataka kwenda Malawi kuwajengea watu nyumba. Mama hataki. Nakuomba useme naye."

Binti huyu amesoma chuo cha ufundi, fani ya ujenzi, na anajua kushika mwiko na kutumia timazi. Kikundi cha vijana wa Kiislamu wanaojitolea kilikuwa kimeandaa safari ya wiki tatu, mwezi wa Julai, kwenda wilaya ya Machinga kusini mwa Malawi, kusaidia kujenga nyumba zilizoangushwa na mvua ya kimbunga. Kila aendaye hujilipia nauli na chakula, na huchangia vifaa.

Nilikwenda kwa dada yangu asubuhi yake. Hakuningoja nimalize salamu.

"Kaka, najua lililokuleta. Shangazi yetu kule shamba, paa lake la makuti lavuja tangu masika ya mwaka juzi. Huyu airuke nyumba ya bibi yake, aende kuwaezekea Wamalawi? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Na tena mtoto wa kike, peke yake, nchi ya watu! Hilo nawe utalifutu vipi?"

Nilinyamaza. Maneno yake yalikuwa na haki ndani yake. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba sadaka kwa masikini ni sadaka, na sadaka kwa jamaa ni sadaka na kuunga udugu kwa pamoja. Nikamwomba dada yangu siku chache nilitazame jambo, kwani mtu hafai kuhukumu asilolijua.

Kilichoziangusha nyumba

Kimbunga Freddy kilianza mapema mwezi wa Februari 2023 karibu na Australia. Kikaivuka Bahari ya Hindi yote, kikaipiga Madagaska na Msumbiji, kikarudi baharini, kisha mwezi wa Machi kikaipiga Msumbiji mara ya pili na kumwaga mvua yake kusini mwa Malawi. Kilidumu zaidi ya wiki tano, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kuwa hakuna kimbunga cha tropiki kilichorekodiwa kikadumu kuliko hicho. Nchini Malawi peke yake zaidi ya watu 600 walithibitishwa kufa, mamia wengine hawakuonekana tena, na zaidi ya watu 500,000 wakabaki bila makao. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nyumba nyingi za mashamba ya huko hujengwa kwa matofali ya udongo mabichi, yaliyokaushwa kwa jua na kushikanishwa kwa udongo. Si ujenzi wa kudharauliwa. Msikiti wa Mtume (S.A.W.) pale Madina ulijengwa kwa matofali mabichi ya aina hiyo, nguzo zake magogo ya mitende na paa lake makuti yake. Nyumba ya udongo ni baridi wakati wa joto, na mwenye nyumba huweza kuikarabati kwa mkono wake. Adui yake ni maji yanayotuama miguuni mwake. Ukuta wa udongo ukiloa chini, hulainika, hukaa, kisha huanguka wote kwa mara moja, mara nyingi usiku watu wamelala.

Matofali ya kuchoma hustahimili zaidi, lakini tanuri lake hula kuni nyingi, na mlima ulionyang'anywa miti haushiki maji. Mvua kubwa ikija huteremka na tope na mawe juu ya vijiji. Kwa hiyo mafundi wengi siku hizi huhimiza msingi wa mawe ulioinuliwa juu ya ardhi, karatasi ya plastiki chini ya ukuta ili unyevu usipande, paa lenye kutokeza nje vya kutosha, na boriti za paa zilizofungwa kwa waya hadi ndani ya ukuta. Yako pia matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, yakashindiliwa kwa mashine ya mkono, yakamwagiliwa maji kwa wiki kadhaa mpaka yakomae. Hayo hayahitaji kuni.

Nilipoyajua haya nilifahamu kwamba kazi ile ilihitaji elimu, na kwamba binti yetu alikuwa na sehemu ya elimu hiyo.

Waliotangulia, wema wao na makosa yao

Jambo la watu kuvuka mipaka kwenda kujengea wenzao si jipya. Millard Fuller, mwanasheria na mfanyabiashara tajiri wa Alabama nchini Marekani, pamoja na mkewe Linda, waliachana na utajiri wao wakajiunga na jumuiya ya Kikristo iitwayo Koinonia, katika jimbo la Georgia. Mwaka 1973 walihamia Mbandaka, nchini Zaire ya wakati huo, wakakaa miaka mitatu wakijenga nyumba pamoja na wenyeji. Waliporudi kwao mwaka 1976 walianzisha shirika la Habitat for Humanity, ambalo hadi leo hupeleka watu wa kujitolea nchi mbalimbali, Malawi ikiwemo.

Dini yao si yetu. Lakini Mtume wetu (S.A.W.), kabla ya utume, alihudhuria mapatano ya watu wa Makka ya kumtetea aliyedhulumiwa, na baada ya kupewa utume alisema kwamba lau angeitwa tena kwa jambo kama hilo angeitika. Jema hutambuliwa popote lilipo. Fuller na wenzake waliweka misingi miwili ambayo Mwislamu ataipokea kwa furaha. Wa kwanza, nyumba haitolewi kwa faida, na mkopo wake hauna riba. Sisi tumekuwa tukiuita qardhan hasana kwa karne kumi na nne. Wa pili, mwenye nyumba hutoa jasho lake mwenyewe katika kuijenga, ili akiingia aingie kwa miguu ya mwenye mali, wala si ya mpewa zaka.

Wako pia waliokosea. Mwaka 2014 kijana mmoja mwandishi wa Kimarekani alikiri hadharani yaliyompata alipokuwa mwanafunzi. Alisafiri na wenzake kwenda Tanzania kujenga maktaba katika kituo cha mayatima. Mchana walipanga matofali. Usiku mafundi wa pale wakayabomoa na kuyapanga upya, kwa kuwa yalikuwa yamepinda, na wakafanya hivyo kimya ili wageni wakiamka wasijue. Nilipokisoma kisa hicho nilijiuliza: nani hapo alikuwa akimsaidia nani? Wageni walilipa nauli kubwa, na wenyeji wakalipa usingizi wao kuwafichia wageni aibu.

Njia yetu ya kale

Njia ya kwenda Ziwa Malawi si ngeni kwa watu wa mwambao. Katika karne ya 19 mfanyabiashara wa Kiswahili, Salim bin Abdallah, aliweka makao Nkhotakota, kando ya ziwa, akawa wa kwanza wa watawala walioitwa Majumbe. Wayao walifanya biashara na miji yetu, hasa Kilwa, na kwa njia hiyo Uislamu na kusoma kwa herufi za Kiarabu vikawafikia; hata leo Wayao wengi wa Machinga na Mangochi ni ndugu zetu katika imani. Twapenda kukitaja hicho. Tusichopenda kukitaja ni kwamba misafara ile ile ilirudi pwani na pembe za ndovu, na na watu waliofungwa shingo. Wazee wetu walikwenda huko wakachukua. Mjukuu wao akienda leo na timazi mkononi, asidhani anakwenda kuwafadhili. Huenda anakwenda kurudisha kidogo katika kingi.

Liko na jambo jingine ambalo mama zetu watalielewa upesi. Miongoni mwa Wayao, Walomwe na Wachewa, ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na kwa desturi mwanamume akioa huhamia kijijini kwa mkewe. Nyumba husimama katika ardhi ya jamaa za mwanamke. Sisi hatufuati ukoo wa mama, lakini hatuko mbali: Lamu ya kale, baba mwenye uwezo alimtengea binti yake nyumba au ghorofa, na bwana harusi ndiye aliyehamia. Kwa hiyo nyumba ikianguka Machinga, mara nyingi aliyeangukiwa ni mwanamke, na mgeni anayetaka kujenga akaongea na wanaume peke yao barazani atakuwa hajaongea na mwenye nyumba.

Masharti matatu

Nilirudi kwa dada yangu, tukamwita binti, nikasema yangu.

Sharti la kwanza: paa la bibi yake lezekwe kwanza. Nusu ya fedha alizoweka akiba iende kwenye makuti na boriti, na kazi aisimamie yeye. Asiyeweza kupanda juu ya paa la bibi yake asivuke mpaka.

Sharti la pili lilihusu safari ya mwanamke bila maharimu. Wanazuoni wamekhitilafiana katika safari ya jamaa iliyo na amani, na kila mmoja ana dalili yake. Sikutaka mzozo wa vitabu ndani ya nyumba ya dada yangu. Tukakubaliana afuatane na kaka yake, ambaye ni seremala. Nauli ikawa mbili, na kaka naye akaanza kuweka akiba.

Sharti la tatu lilikuwa zito kuliko yote. Nilimwambia: "Kabla hujafunga mzigo, waulize hao wanaokupeleka. Nani aliyeomba nyumba hizi? Ardhi ni ya nani? Mkiondoka, ufa wa kwanza nani atauziba? Na usipige picha ya mwanamke mbele ya nyumba yake iliyoanguka. Nyumba ni sitara. Huwezi kwenda kumjengea mtu sitara huku ukimvua ile iliyobaki."

Akaandika maswali yale, akayapeleka. Viongozi wa kikundi hawakukasirika, nami nikawapenda kwa hilo. Walijibu kwamba orodha ya waliohitaji ilitengenezwa na kamati ya kijiji, ndani yake wanawake, na kwamba mafundi wakuu watakuwa wenyeji na watalipwa ujira wao, kwani si haki mgeni anayefanya kazi bure amnyang'anye fundi mkate wake.

Mwezi wa Juni bibi akaezekewa. Mwezi wa Julai, wakiwa wamechanjwa homa ya manjano na kubeba vyandarua vyao, wale ndugu wawili wakaondoka.

Siku ya tatu

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Binti yetu asema kwake jembe lilikuja siku ya kwanza, na lilikuwa ndoo. Pamoja na elimu yake yote ya chuo, fundi mkuu, mzee wa makamo, alimtuma maji kwa siku mbili. Siku ya tatu akampa mwiko na upande mmoja wa ukuta. Alipomaliza mistari mitatu, mzee akaja na timazi, akaitazama, akaondoa mstari wa juu wote, tofali baada ya tofali, mbele ya macho yake na ya watoto wa kijiji waliokuwa wakicheka. Kisha akamwonyesha: udongo wa kule hunywa maji haraka kuliko ule aliouzoea, na tofali lisipoloweshwa kwanza huunyonya mchanganyiko ukakauka kabla haujashika.

"Mjomba, niliona aibu hata nikataka kulia," aliniambia. "Halafu nikakumbuka wale wa maktaba. Huyu mzee amenibomolea mchana."

Nilimkumbusha habari iliyopokewa kuhusu Talq bin Ali, mgeni aliyetoka Yamama akafika Madina wakati msikiti ukijengwa. Mtume (S.A.W.) alimwona anavyojua kuchanganya udongo, akaagiza aachiwe kazi hiyo kwa kuwa ndiye hodari wao. Mgeni mwenye ujuzi hupewa nafasi yake, na asiye nao hufundishwa. Haki zote mbili ni za heshima.

Nyumba waliyopangiwa ilikuwa ya mjane mwenye wajukuu wanne. Ramani ya kikundi ilikuwa na vyumba vitatu na kibaraza chembamba. Mjane alikataa. Alitaka vyumba viwili na baraza pana, ambalo wao huliita khonde, kwa kuwa hapo ndipo anapopeta mahindi, anapopokea wageni na anapolala mgonjwa mchana. Kulikuwa na maneno. Mmoja wa vijana wetu alisema bila kufikiri kwamba apewaye hachagui. Mkalimani, Mungu amlipe, hakuyafasiri maneno yale. Lakini mjane aliusoma uso wa kijana, akainuka, akaingia kwa jirani, na siku nzima hakuonekana.

Jioni binti yetu na wasichana wengine wawili walikwenda, wakabisha hodi, wakangoja mlangoni mpaka wakaruhusiwa. Hawakupeleka hotuba. Waliomba radhi, wakakaa, wakamsaidia kupukuchua mahindi. Asubuhi ramani ilibadilishwa, na mjane ndiye aliyepima baraza kwa hatua zake mwenyewe. Yule kijana alipewa kazi ya kubeba mawe ya msingi wa baraza hilo, na nasikia aliyabeba bila kunung'unika.

Hii ndiyo sababu nilisema sharti la tatu ni zito. Mwenyezi Mungu ametuonya kwamba masimango na maudhi hubatilisha sadaka. Neno moja la kijana mwenye nia njema lilikaribia kuangusha kile ambacho kimbunga hakikuweza kukiangusha, nayo ni heshima ya mama mtu mzima.

Hesabu yake

Waliporudi, dada yangu alifanya hesabu, kama ilivyo haki ya mama. Nauli za wale wawili zingetosha kununua mabati ya kuezeka nyumba mbili kama ile ya mjane. "Basi si mngepeleka pesa tu?" akauliza.

Ni swali la kweli, na kila familia inayofikiria safari ya namna hii ijiulize. Kwa asiye na ujuzi unaohitajiwa, na ambaye hana nia ya kujifunza, jibu ni ndiyo: apeleke fedha, abaki nyumbani, apate thawabu zake. Lakini mwaka ule binti yetu alirudi na kitu ambacho fedha haikununua. Alirudi anajua namna ya kuinua msingi na kufunga paa lisichukuliwe na upepo, na sisi wa mwambao hatuna ahadi kwamba vimbunga vitaishia kusini daima. Tena alirudi anajua kungoja mlangoni.

Hapo ndipo nilipokirudia kile kisa cha Kahf. Miaka yote nilikuwa nikimfananisha mwenye kujitolea na yule mja mwema aliyesimamisha ukuta. Sasa naona kwamba wengi wetu tukisafiri ni kama Musa (A.S.): tumekwenda kwa mwenye elimu tusiyokuwa nayo, na inatupasa subira kabla ya kusema. Yule aliyeujenga ukuta alijua ni wa nani na chini yake mna nini. Sisi hatujui mpaka tuulize. Na alipomaliza aliondoka. Hakuandika jina lake ukutani, na hazina ikabaki ya wenyewe.

Mvua za Novemba zilipoanza huko Malawi, ujumbe wa sauti ulifika kwenye simu ya binti yetu, umetumwa na yule fundi mzee. Ukuta umesimama. Pembe moja ya sakafu ya baraza ilipata ufa, na kabla yeye hajaitwa, mjane alikuwa amekwisha kuuziba kwa udongo wake mwenyewe.

Dada yangu aliusikiliza ujumbe ule mara mbili, ingawa hakuelewa lugha yake. Kisha akauliza safari nyingine ni lini, na kama hao watu wapokea pia mama wa makamo anayejua kupika.

Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu na nyumba za ndugu zetu walio mbali, awarehemu waliokufa chini ya kuta zao, na atujaalie tuwe wageni wema popote tuendapo. Amin.